Mheshimiwa Hakai kwenye Mabano

1

Kikao cha kujadili mabano kilikula asubuhi nzima, na chai ikaletwa mara mbili. Injinia Minza Luhende alikaa mwisho wa meza, mikono ameikunja kifuani, akiwatazama watu wazima wenye suti wakibishania alama mbili ambazo mtoto wa shule huzichora bila kuambiwa. Katika mji uliojengwa ndani ya pango, chini ya mwamba wa mwezi, mahali ambapo mtu hupumua hewa ya bomba na siyo ya mbingu, alidhani watu wangekuwa na mambo ya maana zaidi ya kuhangaikia. Lakini hii ilikuwa Pangoni, na Pangoni walikuwa wamehamia na kila kitu chao, pamoja na ujinga.

Katiba ya mji ilitaka kila mstari wa amri unaogusa hewa usomwe mbele ya Kamati na kupigwa muhuri. Aliyeiandika alikuwa na nia njema. Aliamini kwamba kwa kuwa milango ya mji inaongozwa kwa lugha yenye maneno ya Kiswahili, basi kila mwananchi ataielewa. Hakujua kwamba mtu anaweza kuyasoma maneno yote ya mstari asiambulie chochote, na bado akawa na maoni.

Mstari wenyewe, wa Lango la Nne, ulikuwa ukutani, umekuzwa mpaka herufi zake zinalingana na mikono ya watu:

fungua lango kama hewa >= 60 na (mgeni_rasmi au mkazi)

"Ndugu Mwenyekiti, itifaki imezingatiwa," alianza Bwana Mshamu Likoko, Afisa Itifaki wa mji, akisimama ingawa hakuna aliyemwambia asimame. "Mimi si mtaalamu wa kompyuta na sitaki kujifanya. Lakini kusoma najua. Mstari huu unamtaja mgeni rasmi baada ya hewa. Naomba kuuliza, hewa ni nani?"

Kamati ilicheka. Mshamu alisubiri kicheko kiishe, maana alikuwa anajua kazi yake.

"Na si hivyo tu. Mheshimiwa amewekwa ndani ya mabano. Sisi tuliokwenda shule tunajua ni kitu gani huwekwa ndani ya mabano. Ni nyongeza. Ni kile ambacho ukikiruka, sentensi haipungukiwi. Sasa tujiulize wote kwa pamoja, Gavana Mkwizu ni nyongeza?"

"Hasha!" akasema mtu mmoja katikati ya meza, mdomo umejaa andazi.

Mwenyekiti, mama mmoja mtaratibu aitwaye Tekla Hyera, alimgeukia Minza. "Injinia, hebu tusaidie. Mabano haya yana ulazima gani?"

Minza alikwisha kueleza jambo hilohilo katika vikao viwili vilivyopita. Akaeleza tena, polepole, kwa sauti ambayo watu hutumia kumwelekeza mgeni njia ya chooni. Alama ile yenye mdomo na kistari, alisema, inalinganisha: hewa iwe sitini au zaidi. Sitini yenyewe inapita, hamsini na tisa haipiti. Neno "na" linadai kweli mbili. Moja ikiwa uongo, yote uongo. Neno "au" halina makuu, linatosheka na kweli moja. Kilichomo ndani ya mabano huamuliwa kwanza. Kwa hiyo lango linajiuliza, huyu ni mgeni rasmi au mkazi? Ikiwa ndiyo, na hewa ya pande zote mbili za lango inatosha, lifunguke. Basi.

"Na yakitolewa?" aliuliza Mwenyekiti.

"Yakitolewa, mama, mashine itaanza na 'na' kabla ya 'au', kama vile kwenye hesabu tunavyozidisha kabla ya kujumlisha. Itamfunga mkazi pamoja na hewa. Mgeni rasmi atabaki peke yake upande wake. Na kwa kuwa 'au' inatosheka na kweli moja, beji yake pekee itatosha. Lango litafunguka bila kuiangalia hewa kabisa."

"Hata kama upande wa pili hakuna hewa?"

"Hata kama hakuna hata ya kuzimia."

Mwenye andazi aliacha kutafuna. Kwa muda mfupi Minza alidhani jambo limewaingia. Kisha Mshamu akakohoa.

"Lakini Injinia, mwanangu, ni nani mwenye akili timamu atakayempeleka Mheshimiwa mahali pasipo na hewa?"

Kamati nzima ikashusha pumzi, ikatabasamu. Naam, ni nani? Ratiba hutengenezwa na Ofisi ya Itifaki, na Ofisi ya Itifaki haijawahi kumpeleka kiongozi mahali pabaya. Jambo lilikuwa limekwisha. Minza alijaribu mara ya mwisho. Alisimama akaandika ukutani mstari mwingine, mgeni rasmi akiwa wa kwanza kabisa kutajwa, mbele ya mkazi na mbele ya hewa, ila yumo ndani ya mabano pamoja na mkazi. Mshamu aliutazama kwa huruma.

"Umejitahidi. Lakini bado yumo ndani. Halafu humo ndani yumo na mkazi."

Ukapigwa muhuri mstari usio na mabano:

fungua lango kama mgeni_rasmi au mkazi na hewa >= 60

Walipiga makofi. Minza alikusanya vitu vyake akatoka akiwa amewadharau wote kwa kiwango kimoja, kuanzia Mwenyekiti mpaka yule wa andazi.

2

Chumba cha milango kilikuwa na kiti kimoja, na kiti hicho kilikuwa chake. Minza alivua viatu vyake vya risasi, vile ambavyo kila mtu Pangoni huvaa ili mwili usiruke kwenye kila hatua, akaipandisha miguu juu ya boksi na kufungua hifadhi ya mistari.

Mistari miwili ya Lango la Nne ilikuwa imekaa bega kwa bega, yote ina muhuri. Wa zamani ulipitishwa na mainjinia walioujenga mji, Mungu awarehemu, watu waliokuwa na haraka ya kubaki hai. Wa leo ulipitishwa na watu walioshiba. Kazi yake ilikuwa kuuondoa wa zamani na kuuweka mpya. Mashine isingekubali mstari mwingine wowote. Bila muhuri, hata injinia mkuu angeandika mpaka vidole vichubuke.

Hakufanya kitu. Na huo ndio ulikuwa uzuri wake. Aliuacha mstari wa zamani ukiendelea kulilinda lango, na ule wa Kamati akauweka kwenye kioo cha matangazo nje ya ofisi ya Mshamu, kwa herufi kubwa, Mheshimiwa akiwa mbele kabisa, huru, hajafungwa na mabano yoyote. Jioni alimwona Mshamu amesimama mbele ya kioo kile, mikono nyuma, akiusoma kama mtu anayetazama picha ya harusi yake.

Minza alipita akamwamkia vizuri. Moyoni alikuwa anacheka. Wana bahati, alijisemea, wanaokolewa na hawajui. Hakumwambia mtu yeyote, kwa sababu hakuona katika mji mzima mtu aliyestahili kuambiwa.

3

Siku ya uzinduzi wa Mtaa Mpya, ukumbi wa mbele ya Lango la Nne ulijaa mpaka kwenye ngazi. Walimu walikuwa wamepanga kwaya ya watoto kwa vimo. Viti vya mbele vilikuwa na vitambaa vyeupe na majina. Vya nyuma vilikuwa na watu. Kulikuwa na njia moja tu ya kutoka, Lango la Tatu, mgongoni mwa umati. Nyuma ya Lango la Nne kulikuwa na mtaa mzima uliochongwa kwenye mwamba, nyumba mpya, rangi mpya, na haukuwa na mlango mwingine.

Minza alikaa kwenye meza ndogo pembeni mwa lango, mbele ya kioo chenye namba mbili. Hewa ya ukumbini, sabini na nne. Hewa ya Mtaa Mpya, sitini na sita. Alipoinama kufunga kamba ya kiatu na kuinuka, ile ya pili ilikuwa sitini na tatu. Akakunja uso. Wakati hotuba ya ukaribisho inamtaja diwani wa mwisho, ilikuwa hamsini na tisa.

Kuna uvujaji, alijua hivyo mara moja. Lakini mtaa ulikuwa mtupu. Mafundi walitakiwa wawe wametoka tangu asubuhi, ratiba ilisema hivyo. Mtaa mtupu unaovuja ni kazi ya kesho. Angeweza kuinua mkono akasimamisha shughuli. Alitazama viti vyenye vitambaa vyeupe, akamtazama Mshamu akinyoosha zulia kwa ncha ya kiatu, akaamua kuuacha mkono ulipo. Alitaka kuona.

Gavana Mkwizu, mtu mnene mwenye sauti ya upole, alisogea mbele ya lango, beji ya mgeni rasmi ikimeremeta kifuani. Kwaya ikaanza kuimba. Lango lilisoma beji, likafikiri, likasema kwa ile sauti yake ya mwanamke asiye na haraka:

"Hewa haitoshi. Lango halitafunguliwa."

Kwaya ikasita. Gavana alirudi hatua moja, akavuta koti, akasogea tena.

"Hewa haitoshi. Lango halitafunguliwa."

Mshamu aligeuka kumtazama Minza. Alikuwa amefungua mdomo, na rangi ya uso wake ilikuwa ya majivu ya jiko. Minza alikuwa ameusubiri uso huo kwa vikao vitatu. Akacheka. Hakukusudia kucheka kwa sauti, lakini alicheka, na kipaza sauti cha meza kilikuwa wazi.

"Nani anacheka?" ikauliza sauti kutoka kwenye spika ya ndani. Ilikuwa ya mwanamume, na ilikuwa inahema. "Wewe unayecheka, fungua. Tuko ndani huku."

Minza aliinamia kipaza sauti. "Ninyi nani?"

"Chilumba. Fundi Chilumba na vijana wangu, na mzee Nandonde. Tuko sita. Ukuta umepasuka."

Mshamu alikuwa ameshafika mezani. "Niliwaambia wabaki," alinong'ona. "Wampokee Mheshimiwa kwa makofi. Na kile kibao cha uzinduzi, cha kwanza kilikuwa kidogo, vyeo vyote havikuenea. Tukaleta kikubwa asubuhi hii. Kilihitaji misumari mirefu."

"Mirefu kiasi gani?"

Mshamu alionyesha urefu kwa vidole. Ukuta wa Pangoni una ngozi ya plastiki inayozuia hewa, na nyuma ya ngozi ni mwamba wenye nyufa zisizo na idadi. Walikuwa wameutoboa mji ili vyeo vya mtu vienee ukutani.

"Kwa nini halijafunguka?" Mshamu aliuliza. Kisha akaelewa. "Hukuuweka mstari wetu."

"Sikuuweka."

"Ungeuweka wangekuwa wametoka."

"Ningeuweka, upepo wa ukumbi huu wote ungepita pale mlangoni kwenda kwenye ule ufa, na hawa watoto wako mstari wa mbele. Mota ya lango haijawahi kujaribiwa kufunga dhidi ya upepo wa namna hiyo. Ikishindwa, hapa hatabaki mtu." Alikuwa anasema kweli, na alichukia jinsi ilivyosikika kama kikao. "Toa watu. Ukumbi ukiwa mtupu na Lango la Tatu likifungwa nyuma yao, nitafungua."

"Hakuna anayeondoka kabla ya mgeni rasmi."

"Basi mwondoe mgeni rasmi!"

Mshamu alitazama ratiba mkononi mwake. Wallahi aliitazama, kana kwamba kungekuwa na mahali palipoandikwa. Minza alimsukuma, akachukua kipaza sauti cha mshereheshaji.

"Baba Mkwizu," alisema, na ukumbi mzima ulisikia mtu akiitwa baba mahali pa Mheshimiwa. "Ondoka. Hewa inavuja. Wewe ukitoka watu watatoka."

Gavana hakuwa mtu mbaya. Aliguna, akaitikia kwa kichwa, akageuka kuelekea Lango la Tatu. Watu wakasimama. Na hapo ndipo Minza alipoona kitu ambacho angekisimulia kwa ukali maisha yake yote, kama angekuwa na wa kumsimulia: walitoka kwa vyeo. Gavana, kisha naibu wake, kisha wajumbe wa Kamati na wake zao. Watu walijibana ukutani kuwapisha. Diwani mmoja alimpisha mwenzake, mwenzake akamwambia hapana tangulia wewe. Walimu waliwashika watoto mikono wasiwapite wakubwa. Waliokuwa karibu kabisa na Lango la Tatu, watu wa viti vya nyuma, walisubiri waliotoka mbele wapite katikati yao.

Namba ya Mtaa Mpya ilikuwa hamsini na moja.

"Dada," alisema Chilumba kwenye spika. "Mzee Nandonde ameziba ufa kwa mfuniko wa ndoo ya rangi. Ameulalia kwa mgongo. Ametuambia sisi tuje mlangoni. Fungua."

"Subiri kidogo, kaka."

"Kidogo kiasi gani?"

Kidole cha Minza kilikuwa juu ya kitufe cha kubadili mistari, na angeweza kukibonyeza wakati wowote. Mbele yake kulikuwa bado na watoto wa kwaya, wamepangwa kwa vimo. Hakubonyeza. Alisikia mtu ndani akianza kugonga lango kwa kitu cha chuma, kisha akasikia mgongo wa mtu ukiteleza chini kando ya lango. Arobaini na sita.

Mtoto wa mwisho alipovuka, Lango la Tatu likafungwa. Minza aliuondoa mstari wa zamani, akauweka ule wa Kamati. Alikuwa na hasira, hata hakujua tena ni kwa nani. Mstari aliouona wa wendawazimu ndio pekee wenye muhuri uliokubali kutoiangalia hewa. Ulihitaji kitu kimoja tu.

"Beji," alisema. "Ameondoka nayo."

"Hapana." Mshamu alikuwa bado yupo. Ilikuwa mkononi mwake, na kipande cha kitambaa cha koti la Gavana kikining'inia kwenye pini. Alikuwa amemchomoa kiongozi beji kifuani mbele za watu, yeye Mshamu. Aliibandika kwenye shati lake akasimama mbele ya lango.

Lango halikuuliza kitu. Likafunguka.

Viti vyenye vitambaa vyeupe viliruka kwanza. Mshamu alishika nguzo. Minza alikuwa amejifunga mkanda kwenye meza, na masikio yalimwuma hadi machozi yakamtoka. Walitoka wakitambaa dhidi ya upepo, wakishikana miguu, mmoja, wawili, wengine wawili wakiburutana, na wa mwisho kati yao alikuwa Chilumba, ambaye alipofika kizingitini aligeuka nyuma.

Mzee Nandonde alikuwa mwisho wa mtaa. Alikuwa ameuacha mfuniko, anakuja, ameinama, mkono mmoja ukutani. Alikuwa mbali.

Hewa ya ukumbini ilikuwa sitini na tano. Sitini na tatu. Mota ya lango ilikuwa tayari inalia kabla haijaambiwa kitu.

"Anakuja!" alipiga kelele Chilumba. "Anakuja, mwacheni aje!"

Sitini na mbili. Minza alimwona mzee akiinua uso. Alifunga lango.

4

Taarifa iliandikwa haraka kuliko kaburi lilivyochimbwa. Ilisema kwamba uvujaji wa bahati mbaya ulitokea, na kwamba mafundi watano waliokolewa kutokana na busara ya Kamati, ambayo kwa kuona mbali ilipitisha mstari usio na mabano. Ilipendekeza malango yote ya mji yaandikwe upya kwa mfano huo.

Mshamu mwenyewe alimletea Minza nakala aitie saini, kwenye chumba cha milango. Alibaki amesimama, maana kiti kilikuwa kimoja. Mtu aliyesimama mbele ya upepo ule akiwa na beji ya wizi kifuani alikuwa amekwenda zake, na huyu alikuwa Mshamu wa siku zote, amechana nywele.

"Jina lako halimo," alisema. "Sijamwambia mtu kwamba mstari wa zamani ndio uliokuwepo. Watu wanadhani lango lilikuwa na hitilafu ndogo, kisha likafunguka. Waache wadhani. Wakijua, watasema umemuua Nandonde."

"Na misumari?"

"Misumari nayo haimo."

Kumbe ndiyo bei yenyewe. Minza aliisoma taarifa mpaka mwisho. Malango yote. Kila mahali Pangoni, beji moja kifuani mwa mtu mmoja ingeweza kufungua upande usio na hewa, wakati wowote, na watu wangepiga makofi mpaka mapafu yaishe. Akitia saini, jina lake linabaki safi na mji mzima unakaa juu ya mtego. Akikataa, itabidi aseme ni nani aliyewafungia watu sita na kucheka. Alimtazama Mshamu, akatafuta ile dharau yake ya siku zote imsaidie. Ilikuja, lakini safari hii haikuishia kwa Mshamu.

"Nitakuja kikaoni," alisema.

Kamati ilikuwa imemwalika Chilumba ili atoe shukrani. Alikaa kwenye kiti cha wageni, macho bado mekundu kwa mishipa iliyopasuka, kikombe cha chai mbele yake hakijaguswa. Mwenyekiti Hyera alipomkaribisha aseme neno, Minza alisimama kabla yake.

"Mama, naomba nitangulie. Mstari wenu sikuuweka. Niliuacha wa zamani, wenye mabano, nikawadanganya kwa kioo cha matangazo. Ndiyo maana lango lilikataa. Nilipoona hewa inashuka nilinyamaza kwa sababu nilitaka kuwaona mkiaibika. Mliposikia kicheko, kilikuwa changu. Baadaye nilijua kuna watu ndani, na niliendelea kulifunga mpaka ukumbi uwe mtupu. Na mzee Nandonde nilimwona anakuja, nikafunga."

Mshamu alikuwa ameinamisha kichwa, anatazama meza.

"Nanyi," Minza aliendelea, na sauti yake ikarudi kuwa ile ya kuelekeza watu chooni, kwa maana hakuwa na nyingine, "mliwafungia watu humo ndani wapige makofi. Mkatoboa ukuta ili vyeo vienee. Mkatoka kwa kupishana wakati watu wanakata roho. Sasa mnataka milango yote iwe hivyo. Siku lango kama hilo litakapofunguka na ukumbi umejaa, hatatoka mtu wa kuandika taarifa. Naomba mabano yarudi."

"Injinia," alisema Mwenyekiti polepole, "unachoomba ni kwamba turudishe mstari uliomfungia huyu ndugu yetu."

"Ndiyo, mama."

"Mbele yake."

"Ndiyo."

Chilumba aliinua mkono, kama mtoto darasani. Alikuwa hamtazami Mwenyekiti, alikuwa anamtazama Minza.

"Nataka kuelewa," alisema. Sauti yake ilikuwa bado ya kukwaruza. "Kesho niko kule ndani tena, nafanya kazi. Hewa inashuka. Huo mstari wako unanifungia."

"Unakufungia."

"Nikigonga?"

"Hata ukigonga. Mpaka wa upande huu watolewe."

"Na Mheshimiwa. Yuko nje na beji yake, anataka apite."

"Haumfungulii."

"Hata akisema yeye ni nani?"

"Awe nani, hewa isipotosha lango halifunguki. Ni sharti moja kwa wote wawili, wewe na yeye."

Chilumba aliisogeza chai, akaweka mikono mezani, vidole bado vina rangi ya kuta za Mtaa Mpya, rangi ambayo haikutoka hata kwa mafuta ya taa. Mjumbe mmoja alijikohoza ili aseme kitu kuhusu itifaki, akaona nyuso, akaacha.

"Mabano yarudishwe," Chilumba aliiambia Kamati. Kisha akamgeukia Minza, na hakuongeza sauti. "Lakini wewe, dada, kwenye matanga ya mzee Nandonde usije. Mke wake amekataa, na mimi pia."

Minza alisema amesikia. Alivuta kiti chake, akakaa, na Mwenyekiti akaita watu wapige kura.